Uzio wa Bonde la Gandura

Katika milki ya Gandura kila mtu alijua mahali pake. Mfalme alikaa ikuluni, wakulima walikaa bondeni kando ya mto, na wafugaji hawakukaa popote. Majira ya mvua walikuwa kaskazini na ng'ombe wao. Kiangazi kilipoanza walishuka bondeni kwa njia pana iliyoachwa wazi tangu enzi za mababu. Ng'ombe walikula mabua yaliyobaki mashambani, wakaacha samadi, na wakulima wakapata maziwa na siagi. Hakuna aliyeiita hali hiyo amani. Yalikuwa maisha tu.

Mfalme mpya alipotawazwa, aliwagawia shemeji zake bonde lote la chini, akaamuru lizungushiwe uzio. Njia ya ng'ombe ikaishia kwenye seng'enge.

Kiongozi wa wafugaji, Ardo Hamadel, akaenda barazani.

"Mtukufu Mfalme, ng'ombe wetu wapite wapi?"

"Kwani lazima wapite?" Mfalme alitabasamu. "Raia mwema hutulia mahali pamoja, akaonekana."

"Mvua haitulii mahali pamoja, Mtukufu. Sisi tunaifuata."

Waziri wa Ardhi akainuka. "Serikali ya Mtukufu imewachimbia bwawa huko kaskazini."

"Nililivuka juzi, Mheshimiwa. Viatu vyangu havikulowa."

Baraza likacheka, kisha likaona Mfalme hacheki, likanyamaza.

"Basi piteni kwenye mashamba," Mfalme akasema kwa upole. "Mto ni wa wote."

Hamadel alishtuka. Mtama ulikuwa haujavunwa, na hapakuwa na mtu barazani asiyelijua hilo. Aliinama, akatoka bila kuaga.

"Watauana," Waziri akanong'ona.

"Ndiyo," Mfalme akakubali. "Na wanaouana huhitaji askari wa kuwatenganisha. Askari wetu watakaa bondeni muda mrefu sana."

Jua likakaza. Hamadel aliwazuia watu wake wasishuke, hata ndama walipoanza kufa. Lakini mdogo wake, Yero, alichoka kuchinja mizoga hai. Alfajiri moja akaswaga kundi lake kupitia mtama wa Lantana, mjane aliyewahi kumuuguza homa nyumbani kwake. Majirani wa Lantana wakaja na mapanga. Yero akaanguka katikati ya mabua.

Hamadel alipofika alimkuta Lantana ameketi chini, amemfunika marehemu kwa shuka lake mwenyewe. Nyuma ya Hamadel vijana walikuwa wameshatia mishale kwenye pinde.

"Nani amemuua?"

"Majirani zangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka." Alimtazama usoni. "Ukitaka kisasi, Ardo, anza na mimi, shamba ni langu. Lakini kabla hujaanza, tazama kule mlimani."

Huko juu, chini ya vivuli, askari wa Mfalme walikuwa wameketi wakiwatazama. Mahema yalikuwa yamesimama, na vyungu vilikuwa motoni. Watu hawajengi mahema hayo kwa asubuhi moja.

"Walikuja jana," Lantana akasema. "Hata mmoja hakushuka."

Hamadel aliwatazama. Hasira yake haikuisha, ila ilianza kuangalia upande mwingine. "Shusheni pinde," akawaambia vijana. Wakamzika Yero palepale, mtama ukiwa umelala pande zote.

Baada ya maziko wakulima walileta mashoka, wafugaji wakaleta ng'ombe, wakaelekea kwenye uzio. Mmoja wa wenye mashoka ndiye aliyemkata Yero. Hamadel alimjua. Alitembea naye bega kwa bega, na hakumsemesha.

Kamanda wa askari akaingia ikuluni akihema.

"Mtukufu, wameng'oa uzio! Wanakuja huku!"

"Wapigeni."

"Tumpige nani, Mtukufu? Walio mbele ni ng'ombe. Wamenusa maji ya bustani yako, hawasikii amri."

Mfalme akasimama. Sakafu ilikuwa imeanza kutetemeka chini ya nyayo zake. "Na askari wangu niliowapeleka bondeni, wako wapi?"

Kamanda akainamisha kichwa.

"Wanachunga, Mtukufu."