Vidonge vya Shavuni

Genge la wasafisha mifereji ya mashamba ya mpunga lilikuwa na kipimo chake cha uanaume: mgeni akikojoa damu, basi ameiva. Msimamizi wao ndiye aliyempa mkono wa pongezi. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, aliyeitwa Kitinda na kila mtu, alipoiva akiwa na miaka kumi na tisa, Msimamizi alimwambia sasa hata mama amwamkie. Wakacheka mpaka majembe yakawaponyoka.

Kila mwaka watu wa afya walikuja na vidonge vya kichocho. Vilitapisha watu, kazi ikalala nusu siku, na Msimamizi hakupenda kazi ilale. Akawafundisha: viweke shavuni, piga funda la maji, sema ahsante, kateme mferejini. Anayemeza ni bibi harusi. Kitinda akawa bingwa wa kutema.

Miaka ishirini baadaye Kitinda alikuwa kalala wodini, mpira wa mkojo kando ya kitanda, amebaki mifupa na masikio. Daktari alimkalisha Msimamizi kwenye benchi la nje, akamweleza taratibu. Minyoo ya kichocho ilitaga, mayai yakakwama kwenye kibofu, kidonda juu ya kidonda, mwaka nenda mwaka rudi, hadi saratani. Si kila mwenye kichocho huipata, ila kukaa nacho bila tiba ni kuiachia mlango wazi. Na hii imeshasambaa. Akauliza, kwani mgonjwa hakuwahi kupewa dawa?

Msimamizi akatazama viatu vyake. Maana yeye alimeza. Vidonge vyake alivifunga kwenye leso akaenda navyo nyumbani, na baada ya chakula mkewe alimsimamia hadi vishuke. Kesho yake alirudi kazini kuwacheka waliomeza.

Aliingia wodini na maneno aliyoyapanga, yakapanguka.

“Kitinda, mimi nilikuwa nameza nyumbani.”

Mdogo wake alivuta shuka hadi kidevuni.

“Najua. Shemeji alinidokeza zamani. Akanisihi nami nimeze.”

“Sasa mbona hukumeza?”

“Ungenicheka, kaka.”

Alilisema bila kinyongo, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. Kitinda akaomba ageuzwe aelekee ukutani, ubavu aliolalia ulikuwa unauma. Kaka yake akapitisha mikono chini ya mgongo, akamgeuza mara moja tu. Hakuwa na uzito wowote. Akabaki kamshika, ingawa kazi yenyewe ilishaisha.