Bakora ya Fisi

Enyi raia, simameni wima: ifuatayo ni taarifa rasmi ya mchango wangu katika Mapinduzi. Mchango wenyewe ni fimbo. Mnaweza kuketi.

Shule yetu ya bweni ilifungwa risasi zilipoanza, nikatupwa kwa mjomba, mchonga picha. Humchonga Mtukufu, mtawala wetu, kwenye ubao kama fisi mwenye kofia ya kijeshi. Ubao hupakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake, na kufikia adhuhuri mtaa mzima unacheka chinichini. Fisi wake hakushika kitu kamwe. Mjomba husema mikono mitupu humwachia mtazamaji kazi ya kuijaza.

Mimi niliona huo ni uvivu. Mtukufu hatembei bila bakora, mkono wa kulia. Mjomba alipokwenda kutafuta wino, akiniachia kuchapa, nilichukua patasi nikamchimbia fisi bakora, mkono wa kulia barabara. Nikachapa, vijana wa mtaa wakabandika ukutani, nikajipongeza.

Ubao ni kama muhuri: cha kulia hutoka kushoto. Mwerevu yeyote anajua. Siku hiyo mwerevu hakuwepo.

Na mtaa wetu tayari ulikuwa umeshikwa na Kamati ya Mapinduzi, maadui wa Mtukufu, ambayo Mwenyekiti wake ana shoto. Ngumi yake ya kushoto imechorwa kila ukuta. Jioni hakuna aliyecheka. Jirani tuliyemsalimu alifunga dirisha.

Asubuhi akaja mtu wa Kamati na wenye bunduki wawili. Alituamkia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonikausha mate. Akauliza nani kamfanya Mwenyekiti fisi. Mjomba akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema kazi ni yake.

Mgeni akapitisha kidole ubaoni. "Mzee, fisi kachongwa na fundi. Hii bakora imetafunwa na panya."

"Mkono ulitetemeka, mwanangu. Uzee huo."

"Hebu unyooshe."

Mjomba akaunyoosha. Ulitulia tuli kama maji mtungini. Mwenye bunduki mmoja akaanza kukunjua kamba.

"Nani mwingine anashika patasi humu?"

"Hakuna."

Mgeni akanigeukia. Nilikuwa nimeficha mikono mgongoni, mbinu ambayo bwenini haijapata kumdanganya mwalimu hata mmoja.

"Ilete hapa, kijana."

Nikaileta, vidole viwili vimefungwa kitambaa chenye damu.

"Nyamaza, mjomba," mjomba akaniambia polepole.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimkusudia Mtukufu. Nilisahau kwamba picha hugeuka. Yeye hakujua lolote."

Mjomba akafumba macho.