Siku Redio Alipotangaza kwa Mikono

Maneno yalikuwa yamezagaa katika chumba cha kufulia nguo za hospitali: mashine mpya zinakuja, watu watarudishwa nyumbani. Aliyeyasambaza ni mkunja mashuka, mama mwenye ulimi mwepesi hata wenzake wakambandika jina la Redio. Tangu hapo watu walinuniana. Wafuaji wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, waligombana kwa sababu ya ndoo tu.

Msimamizi wao alipoona hivyo, akapanda ghorofani kwa meneja.

"Bosi, tuwaambie leo."

"Ngoja tarehe ikaribie. Ukiwaambia mapema watapiga kelele."

"Kelele zishapigwa. Watu hawalali kwa jambo wasilolijua. Shuka uwaambie mwenyewe."

Meneja akashuka shingo upande. Kabla hajafungua kinywa, msimamizi akatupa jicho kwenye kona ya pasi. Mpiga pasi, aliyekuwa kiziwi, alikuwa bado ameinamia kazi yake. Habari za humo zilimfikia yeye wa mwisho, tena nusunusu. Aliyejua kuzungumza naye kwa alama alikuwa jirani yake wa meza, Redio.

"Redio, njoo mbele. Leo utatangaza kwa mikono."

"Mimi? Na umbeya wangu huu?"

"Wewe hasa."

Kicheko kikalipuka. Mpiga pasi akaitwa, akasimama mahali anapoona vizuri.

Meneja akakohoa. "Kutakuwa na maboresho ya kimuundo..."

Mikono ya Redio ikakwama hewani. "Hilo halina alama, bosi. Hata mimi mwenye masikio limenipita."

"Sema kama unamwambia mama yako," msimamizi akamnong'oneza.

Meneja akawageukia watu. "Mashine mbili mpya zinakuja mwezi ujao. Hakuna atakayepoteza kazi. Zamu zitabadilika, na tutazipanga pamoja."

Watu wakashusha pumzi. Mpiga pasi akainua mkono, Redio akamsemea: "Mashine ya sasa ikimaliza, sakafu inaacha kutetemeka, najua. Hizo mpya naambiwa zinapiga kengele. Nitajuaje mimi?"

Meneja akakuna kichwa. "Sijui. Sikulifikiria. Lakini hazitafungwa kabla sijapata jibu."

Msimamizi alikuwa amezoea ahadi tamutamu. Hilo "sijui" lilimwingia moyoni kuliko zote.

Mashine zilipofika, kila moja ilikuwa na taa nyekundu juu yake, kubwa kama sahani. Siku ya kuziwasha, wenzake walimsukuma mpiga pasi mbele abonyeze kitufe. Mashuka yakazunguka, wote wakaikodolea macho taa. Taa ikawaka! Mpiga pasi akarusha mikono juu, akatikisa viganja hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Chumba kizima kikamfuata, meneja naye, Redio akiruka kama binti wa miaka kumi.

Msimamizi alitikisa viganja vyake mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafungua mlango wa mashine, mvuke ukamgonga usoni.

"Haya jamani," akasema kwa sauti na kwa alama alizofundishwa na Redio, "mashuka hayajikunji yenyewe!"