Lugha Mbili Mbele ya Bendera

Kila asubuhi wafanyakazi wa kituo cha mashine ya hesabu, Kisangani, walisimama mbele ya bendera wakaimba na kukisifu chama mpaka jasho liwatoke. Kazi ilianza baadaye. Alhamisi ile ya mwaka 1976, nyimbo zilipokwisha, mkurugenzi aliwazuia. Alimtaka Clothilde, mwandishi wa programu za mashine, aje mbele ya wote akiri kosa lake. Kwenye makaratasi ya ofisi hakuwa Clothilde, maana majina ya kizungu yalikwisha pigwa marufuku na kila mtu akaitwa citoyen, raia, lakini kati ya wenzake, na kwao Wagenia, kijiji cha wavuvi, nani alijali?

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kila Alhamisi manahodha wa boti walingoja getini wajue kina cha mto mpaka bandari ya Yanonge, wasije wakakwama mchangani. Mkurugenzi alijua jina la lugha moja tu ya mashine, Cobol, basi akaamuru kila kitu kiandikwe kwa Cobol. Clothilde alitii wiki mbili. Mashine ilihesabu mchana kutwa, jibu likatoka Ijumaa, na boti mbili zilikuwa zimekwisha kukaa juu ya mchanga. Wiki ya tatu akaandika hesabu kwa Fortran, lugha nyingine ya mashine, na jibu likatoka kabla chai haijapoa. Majina ya boti na manahodha aliiachia Cobol, maana kwa kazi hiyo haina mpinzani. Mwenye akili angemshukuru. Mkurugenzi alimwita muasi.

"Citoyenne, inchi iko moja, chama iko moja. Mashine nayo, luga moja. Sema ulikosa, ama utoke."

Clothilde aliogopa, tena sana, kwa kuwa wadogo zake wanne walikula kwa kazi ile. Lakini hasira ilimzidi.

"Bon. Cobol iko muzuri kwa kupanga majina. Kwa kuhesabu maji, iko muzito. Fortran inahesabu mbio, lakini majina inayashindwa. Papa yangu, muvuvi, iko na mutego ya maji makali, na ingine ya maji ya polepole. Hakuna mutu alimwambia achague moja. Donc miye naandika zote mbili, na leo nitaandika zote mbili."

Mkurugenzi alinyoosha mkono.

"Leta ufunguo ya mashine. Henri ataendelea."

Akampa. Hakuinamisha kichwa.

Henri alikuwa mtu wa Cobol, mpole, asiyebishana hata na nzi, na mkurugenzi alimsifu kila wiki. Alitoka kwenye mstari akasimama kando ya Clothilde.

"Citoyen directeur, ile Fortran, nusu niliandika miye. Alinifundisha."

Simone, aliyetoboa kadi za mashine, akafuata naye.

"Na kadi zote nilitoboa miye. Za Cobol na za Fortran."

Getini manahodha walikuwa wakiuliza kulikoni. Mkurugenzi aliingia peke yake kwenye chumba cha mashine, akasimama na ufunguo mkononi, hajui unaingia wapi.