Filamu Tano za Fundi wa Mnara

Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na sehemu ya filamu ilikuwa ukurasa wa pili, chini ya saizi ya viatu na kundi la damu. "Taja filamu tano uzipendazo. Zisizidi tano." Fundi wa mnara aliijaza Jumanne jioni kwenye meza ya chakula, amevaa fulana na miwani, huku mkewe akipiga pasi upande wa pili wa chumba. Alikuwa amepangiwa mwaka mzima kwenye kisiwa kisicho na mtu, autunze mnara wa mawasiliano. Boti ingemshusha na kuondoka, isirudi mpaka mwaka uishe. Idara ilikuwa imegundua kwamba mtu akiachwa peke yake na redio ya kazi huishia kugombana nayo, kwa hiyo siku hizi kila fundi alipewa kompyuta ndogo na filamu tano.

Saizi ya viatu aliijua. Kundi la damu ilibidi amuulize mkewe. Filamu aliziandika mfululizo bila kuinua kalamu, kama mtu anayeandika majina ya watoto wake.

Hapo ndipo mkewe alipoanza kushuku.

Mke huyo alikuwa mkaguzi wa filamu. Miaka kumi na minne alikuwa akikaa kwenye chumba chenye mapazia mazito katika ofisi ya bodi, akitazama kila filamu kabla watu hawajaiona na kuandika: dakika ya kumi na nne, busu, kata, dakika ya arobaini, tusi, kata. Alimjua mumewe. Hakuwa mtu wa filamu. Alikuwa mtu wa vichekesho, na hata hivyo vichekesho alivilalia kabla mtu wa kwanza hajateleza. Kwenye fomu hapakuwa na kichekesho hata kimoja. Palikuwa na filamu ya kale ya fundi saa, ya harusi iliyoahirishwa, ya kesi ya mwizi wa farasi, ya daktari wa meno, na moja ndefu ya vita, yenye daraja.

"Hii ya daktari wa meno uliiona lini?" mkaguzi aliuliza.

"Zamani."

"Inahusu nini?"

Fundi akafikiri. "Meno," akasema.

Mkaguzi akageuza shati, akapiga pasi upande ambao alikwisha kuupiga.

Mwanzoni alidhani ni mwigizaji. Wanaume wengine huwa hivyo, hupenda sura moja wakaifuata filamu hadi filamu. Kesho yake ofisini akaomba zile tano kutoka stoo, akalinganisha orodha za waigizaji kwa rula. Hakuna jina lililojirudia. Akafunga mapazia, akaweka ya fundi saa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwatazama wanaozungumza. Akatazama nyuma yao.

Dakika ya ishirini na tatu, fundi saa anaagana na mama yake stesheni. Nyuma yao, karibu na mizani ya mizigo, alikuwa amesimama Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake mkaguzi, mtoto wa mwisho wa mama yao. Jina lenyewe lilitokana na hilo. Alikuwa amekaa kwao miaka miwili, kwenye chumba kidogo karibu na jiko, akisomea uuguzi. Miaka tisa iliyopita, Jumamosi moja mkaguzi akiwa safarini kwa semina, Kitinda aliondoka. Fundi alieleza kwamba alirudi akakuta chumba kimefagiwa, na kwamba watu walimwona binti akipanda lori, kakaa mbele na dereva. Mama yao alisema mtoto aliyepanda lori asitajwe tena mbele yake. Hakutajwa.

Filamu ya fundi saa ilipigwa miaka thelathini kabla Kitinda hajazaliwa. Mkaguzi akachukua kalamu na kuandika: dakika ya ishirini na tatu, Kitinda.

Akaendelea na nyingine, kwa utaratibu wake wa siku zote, mbili kabla ya chai na mbili baada yake. Kwenye ya harusi, Kitinda alikuwa uani anaosha sahani, na tumbo la miezi saba. Kwenye kesi ya mwizi wa farasi alikaa benchi la mwisho mahakamani, ananyonyesha. Kwenye ya daktari wa meno alipita mara tatu nje ya dirisha la kliniki na mtoto wa kike wa miaka minne hivi, aliyekuwa akilamba kioo. Kwenye ya vita walikuwa darajani katika kundi la wakimbizi, na binti alikuwa ameshakua, miaka minane au tisa, kabeba sufuria kichwani. Alitembea akitupa mguu wa kushoto nje, kama anayekwepa dimbwi.

Mkaguzi aliujua mwendo huo. Aliusikia kwenye ngazi kila jioni, kwa miaka kumi na mbili, kabla ya mlango kufunguliwa.

Alikunywa maji, akairudisha filamu ya fundi saa, akaisimamisha pale penye mizani.

"Dada, usisimamishe hapa," Kitinda alisema. "Nimeshika sanduku, mkono unaniuma."

Mkaguzi akairuhusu iende. Kitinda akaweka sanduku chini. Lilikuwa lile la kahawia lenye kifungo kibovu, ambalo mkaguzi alilitafuta mwaka mzima juu ya kabati.

"Ulikwenda na dereva?" mkaguzi aliuliza.

"Dereva gani?"

Fundi saa na mama yake waliendelea kuagana mbele yao. Ilikuwa sehemu ndefu, na mama alikuwa analia.

"Shemeji ndiye aliyenileta hapa," Kitinda alisema. "Alinikatia tiketi. Akasema nisubiri, hali ikitulia atakuja kunichukua. Nikamwambia basi nimuage Dada. Akasema Mama ameshaamua."

"Rudi nyumbani."

"Kwa nani?"

Mkuu wa stesheni akapiga filimbi, sehemu ikakatika, na fundi saa alikuwa tayari mjini anatafuta chumba cha kupanga.

Kwa kuwa kanuni zilitaka kila jambo geni lipelekwe juu, mkaguzi alimwandikia mwenyekiti wa bodi ukurasa mmoja na nusu. Mwenyekiti alikuwa na tabia ya kuchonga penseli wakati wa kusikiliza.

"Huyo mdogo wako, amevaa nguo?"

"Amevaa."

"Anazungumza?"

"Anazungumza na mimi tu, mzee."

"Matusi?"

"Hapana. Analalamika kidogo."

Mwenyekiti akapuliza unga wa penseli. "Basi hamna cha kukata, mama. Zirudishe stoo. Na hiyo ya vita uitazame upya, nimesikia kuna damu nyingi."

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa za kazi, fundi alikuwa anapanga begi. Mkaguzi alikaa ukingoni mwa kitanda na kumkabidhi soksi, jozi baada ya jozi, kama alivyofanya kwa safari zote.

"Dakika ya ishirini na tatu," alisema.

Fundi hakushtuka. Alikunja suruali, akailaza, akaipapasa. "Umeanza kumwona lini?"

"Juzi. Wewe?"

"Mwaka ule ule. Ilikuwa kwenye televisheni, wewe uko jikoni. Nikadhani ni homa."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimwona baadaye. Anakua haraka." Alisema hivyo kwa sauti ya mzazi yeyote, na hilo ndilo lililomuuma mkaguzi kuliko mengine yote. "Kule nitakuwa peke yangu, mke wangu. Nilitaka nimtazame kwa nafasi."

"Ulisema lori."

"Lori lilikuwa wazo la mama yako."

Mkaguzi alimkabidhi jozi ya mwisho. Alitaka kumtupia pasi, lakini pasi ilikuwa chumba kingine, na kufika huko na kurudi kungekuwa safari. Akaketi tu, akamwangalia anavyofunga zipu kwa uangalifu ili isiume shati.

Filamu za mafundi zilipitia bodi kugongwa muhuri kabla ya kupelekwa bandarini. Mchana huo mkaguzi alibaki ofisini peke yake wakati wenzake wamekwenda kula, akafungua bahasha ya mumewe na kutoa zile diski tano. Ilimchukua saa nzima kuchagua nyingine. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amechagua vya kuondoa, na sasa alikuwa anachagua vya kumwachia mtu. Alizipitia rafu kwa kidole. Akaacha zote zenye soko, foleni, harusi, mazishi, stesheni au mpira. Mwisho akapata tano ambazo mume na mke wanakaa ndani ya chumba na kuzungumza, na madirisha yamefungwa. Akazigonga muhuri, akaandika namba, akalamba bahasha.

Boti ilimshusha fundi Jumatatu na kuondoka. Wiki ya tatu, karani wa redio wa idara alimpigia mkaguzi simu ofisini.

"Samahani, mama, nina mzee wako hapa kwenye redio. Anauliza nani kabadilisha filamu zake."

"Mwambie bodi."

"Anasema ndani hamna mtu."

"Wamo wawili."

Karani akayarudia maneno hayo kwenye redio, akasikiliza. "Anasema hao wawili wanamtazama," akaongeza, kama anayesoma hali ya hewa.

"Mwambie wanaigiza," mkaguzi akasema, akakata simu.

Jumapili hiyo alikwenda kwa mama yake na kompyuta begani, pamoja na zile diski tano. Mama alikuwa ameketi sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na redio imewashwa kwa sauti ndogo. Mkaguzi akaweka kompyuta juu ya stuli, akaifungua ile ya vita, akaipeleka mpaka darajani.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Wakimbizi walikuwa wengi, na wote walitembea polepole.

"Amekonda," alisema.

"Mama, ulijua."

"Sogeza karibu. Macho yangu hayafiki."

Mkaguzi akasogeza stuli. "Ulijua hakukuwa na dereva."

"Mmoja alikuwa ameshaharibikiwa," Mama alisema, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Nikusumbue na wewe? Ulikuwa na nyumba, ulikuwa na kazi. Ulikuwa unalala vizuri. Nikaona bora nimlilie mmoja kuliko wawili." Akainua mguu mmoja, maji yakachuruzika, akaurudisha. "Hebu mwone mtoto anavyobeba sufuria. Hata hashiki. Mimi nilikuwa hivyo hivyo."

"Nataka tumtaje, Mama. Nataka watu wajue alifukuzwa."

"Wajue halafu? Mumeo akirudi alale wapi?"

Swali hilo mkaguzi alikuwa amelala nalo wiki tatu. Funguo za fundi zilikuwa kwenye msumari kando ya mlango, na kila asubuhi alipotoka alizitazama na kila asubuhi aliziacha. Mdomoni mwake maneno yalikuwa tayari. Tatizo lilikuwa kuyatoa, maana yakishatoka yangetaka mahali pa kukaa, kama watu wengine wote.

Kwenye daraja, Kitinda alipunguza mwendo. Aliwaona. Aliinama kumwambia binti jambo, na binti akageuza shingo chini ya sufuria, akaangalia upande wao kwa macho ya mtoto aliyeambiwa asalimie wageni.

"Shikamoo Bibi," alisema.

"Marahaba," Mama akajibu. "Kaza mwendo, usiachwe."

Tangu hapo walitazama kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama alianza kuvaa kitambaa kizuri kichwani kwa ajili hiyo. Hawakuzungumza sana. Kitinda alieleza kwamba kwenye ya harusi kazi ni nyingi lakini wanakula, na kwamba mtoto anapenda zaidi ya daktari wa meno kwa sababu ya kioo. Hakuuliza lini atarudi, na wao hawakumwambia aje. Siku moja Mama alimletea kanga ya mtoto, akaishika mbele ya skrini mpaka mkono ukachoka, kisha akaikunja na kuirudisha sandukuni.

Mwezi wa tano tangu boti iondoke, jirani wa mlango wa pili aliingia kurudisha ndoo. Alikuwa mama mwenye macho makali na hodi fupi. Alisimama nyuma ya kiti, ndoo mkononi, akatazama daraja.

"Huyo mwenye mtoto," alisema. "Mbona kama kitinda mimba wako?"

"Watu hufanana," Mama alisema. "Yule wangu alikwenda na dereva."

"Hata kidevu?"

"Hata kidevu."

Jirani akamgeukia mkaguzi, maana alijua kazi yake ni kuona. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri chenji yake. "Eti, mwanangu? Ni kweli alikwenda na dereva?"

Mkaguzi alitazama skrini. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya daraja, na watu walimpita kulia na kushoto. Naye alikuwa anasubiri jibu.

"Ndivyo tulivyoambiwa," mkaguzi alisema, akaongeza sauti ya kompyuta.

Darajani, Kitinda alimtua binti ile sufuria, akamziba masikio kwa mikono miwili, ingawa mizinga ilikuwa bado haijaanza kulia.