Nusu Saa ya Fainesi

Fainesi Saiwala wa Matawale, mjini Zomba, aliponzwa na mdomo wake mwenyewe. Katika mkutano wa akina mama wa kanisa, wenzake wakiahidi kusali zaidi na kusengenya kidogo, yeye alisimama akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu atashona nusu saa kila siku, saa kumi na moja jioni, liwalo na liwe. Cherehani yake ya umeme ilikuwa na miaka kumi na mmoja chini ya kitambaa cha maua, ikibeba redio.

Aliyecheka kwa sauti ni Eluby, dada wa mumewe, jirani yao wa nyumba ya pili.

"Wifi, hiyo cherehani ikikuona itauliza wewe ni nani."

Jumatatu, saa kumi na moja kamili, Eluby alikuwa barazani na karanga zake za kuchemsha, amekuja kutazama. Fainesi alikuwa amekata kitenge cha bluu cha kushonea shati la mumewe. Sindano ilivunjika dakika ya tano. Jumanne umeme ulikatika. Jumatano umeme ulikuwepo, lakini kuku alikuwa ametaga juu ya kipande cha mgongo. Alhamisi kukawa na msiba mtaa wa nyuma. Fainesi akaenda na mkono wa shati, akaupiga pindo kwa mkono katikati ya nyimbo. Bibi mmoja akadhani anashona sanda, akamshukuru kwa machozi. Fainesi akazipokea shukrani.

Wiki ya tatu malaria ikamlaza. Akashona kifungo kimoja akiwa kitandani, kesho yake akakikata akakishona tena, na keshokutwa vilevile. Kwake hizo zilikuwa siku tatu za kushona. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, alifungua kinywa kupinga, kisha akakifunga, maana mgonjwa alikuwa na sindano mkononi.

Shati lilikamilika baada ya miezi miwili na nusu. Mkono wa kushoto ulifunika vidole. Wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko. Mwalimu Saiwala alilivaa kanisani bila kupepesa jicho, mkono wa kushoto mfukoni ibada nzima.

"Kaka, umeajiriwa sarakasi gani?" Eluby akauliza mlangoni, watu wakisikia.

"Ile ile unayokuja kuitazama bure kila jioni."

Watu wakacheka, lakini Fainesi hakucheka. Alirudi nyumbani uso ukimwaka, na jioni ile akaufumua mkono mrefu, uzi mmoja mmoja, akimlaani wifi yake kwa kila uzi. Shati la pili lilichukua wiki tatu. La tatu, siku tisa, na mikono ikalingana. Hakuna aliyelisifu; watu walishazoea kuja kutafuta makosa.

Agosti, siku chache kabla ya akina mama kwenda Blantyre kwa mkutano wao wa mwaka, Eluby aliingia na mfuko. Sketi yake ya sare ilikuwa haifungiki. Mafundi wa sokoni alishagombana nao wote, kosa lao ni kumtajia vipimo vyake.

"Wifi, nimekuletea kazi ya kukunyoosha vidole. Uiachie kidogo tu, kitambaa kimesinyaa."

"Kimesinyaa kiunoni peke yake?"

Mwalimu Saiwala akakohoa nyuma ya gazeti. Fainesi akamzungushia wifi yake mkanda wa kupimia, akasoma namba kwa sauti ya kuita mahudhurio. Jirani akapunguza redio.

Sketi ilitoka nzuri, kiraka cha ubavuni hakionekani. Huko Blantyre wanawake waliisifu, na Eluby, wifi yake akiwa hatua mbili nyuma, akasema ameishonesha kwa fundi mkubwa wa mjini. Fainesi akajiuma ulimi hadi ukauma kweli.

Wiki iliyofuata Eluby akaja na sketi ya pili, keshaanza kuitandaza mezani.

"Leo nimejaa kazi," Fainesi alisema, hakuinua macho. "Mpelekee yule fundi wako mkubwa. Akishindwa, njoo Alhamisi, na uzi uje nao."

Akakanyaga pedali ya cherehani, na Eluby akabaki amesimama, akikunja sketi yake taratibu.