Padre Anayezama Sakafuni

Jumapili ya kwanza baada ya maziko, Eulalia na wifi yake Felismina waliketi benchi la mbele la kanisa kuu, makoti yao yakichuruzika mvua. Mume wa Eulalia, Adelino, alikuwa fundi mawe. Alianguka kutoka mnarani jukwaa la ukarabati lilipokatika. Kamba zilikuwa zimeoza. Adelino alimweleza hayo Padre Hermenegildo, msimamizi wa kazi, naye Padre akajibu kwamba zingefaa hadi Pasaka.

Padre akasimama mbele ya altare. "Tumwombee marehemu Adelino," alisema, "aliyeponzwa na pombe."

Miguu yake ikazama kwenye sakafu ya mawe hadi vifundoni. Akaendelea na misa.

"Pombe?" Felismina alinong'ona. "Si alionja divai ya harusi yenu tu akaota vipele mwili mzima!"

"Nyamaza, wifi. Tazama miguu."

Mafundi waliitwa kumchimbua, patasi zao zikavunjika. Askofu alituma mto wa kuegemea. Alasiri, kanisa lilipotulia, Eulalia alimwendea.

"Sema hakuwa amelewa, Padre. Sema mbele ya watu, jiwe litakuachia."

"Wewe umejuaje?"

"Alilichonga mume wangu."

Padre alifikiri kidogo. "Alikuwa chakari, mama," akasema, akazama hadi magotini.

Kila alipoulizwa alijibu vilevile. Kwaresima ilimkuta kiunoni, majira ya joto kifuani. Misa alikabidhiwa padre kijana, ambaye alijifunza kumzunguka bila kumkanyaga. Eulalia alikuja kila adhuhuri na sufuria ya supu ya viazi na sukumawiki, akamlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Mjini wakasema mjane yule ana moyo wa kusamehe.

Felismina hakuvumilia. "Mwache afe, wifi. Yaishe."

"Yaishe kwa nani? Akifa leo amepumzika. Mimi nataka azeekee humo humo."

Sasa sakafu imemfika kidevuni. Wageni huja kwa mabasi, na mwongozaji huwasimamisha mbele ya kile kichwa na kuwaeleza kwamba huyu ni Padre aliyelipenda kanisa hadi kanisa likakataa kumwachia. Akiulizwa kuhusu mnara, hujibu kwamba kulitokea ajali ndogo, fundi mmoja alipanda akiwa amelewa. Wageni husikitika. Wengine hugusa upara wa Padre kupata baraka, na bibi mmoja kutoka Braga aliacha maua.

Eulalia huwapita akiomba njia kwa adabu, hupiga magoti, hufunua sufuria.

"Hakuwa amelewa," humwambia, kwa sauti anayoisikia yeye tu.

"Alikuwa amelewa."

"Haya. Fungua mdomo, Padre."

Hufungua. Supu hutoka jikoni ikichemka, na Eulalia haipulizi.